Akaunti ya Veneranda

Jioni ile Benedicta alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia mama yake akiwakemea waimbaji sebuleni.

"Sauti ya pili mnalala! Rudieni!"

Kikafuata kicheko, kikohozi kidogo, halafu kwaya ikaanza upya.

Veneranda, mama yake, alikuwa amefariki kabla mvua hazijaanza. Kumsikia, hilo peke yake halikuwa la kushtua. Sauti ile ilirekodiwa angali mzima, akifundisha kwaya ya kigangoni pale Mbalizi, ikahifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu ya mezani, na mumewe, mzee Liberatus, mwalimu mstaafu, alikuwa akiisikiliza kila jioni. La kushtua lilikuwa jingine, na nyumba nzima aliyelijua ni Benedicta peke yake: rekodi ile haikuwepo tena. Yeye ndiye aliyeifuta, asubuhi ya siku hiyohiyo, mzee akiwa misani.

Kisu kikaganda kwenye kiazi.

"Baba," aliita, "unasikiliza nini?"

"Swali gani hilo, Bene? Si mama yako."

Alikuwa na utetezi. Benedicta hakukosa utetezi hata siku moja. Chuoni Iringa walikuwa wakimwona anapanda jukwaa la mdahalo, upande wa pili wanaanza kukunja karatasi zao. Utetezi wenyewe ulikuwa huu: kompyuta ile ilikuwa na Windows ya zamani, ile ya kilima cha kijani na mawingu meupe, na ukiiwasha ungeweza kuchota maji, ukachemsha chai ukainywa, ndipo ikufungulie. Naye alikuja likizo na hoja za kuchapa. Akasoma kwenye simu mbinu za kuzichangamsha kompyuta za umri ule, akazifuata bila huruma. Alizima madoido ya madirisha. Alizima muziki wa kuwaka. Aling'oa programu zinazojiwasha zenyewe, akafagia mafaili ya muda, akaipanga diski upya. Mashine ikaanza kupumua. Mbinu ya mwisho ilisema: ondoa akaunti zisizotumika.

Ukurasa wa kukaribisha ulikuwa na majina mawili. Liberatus, mwenye picha ya sataranji. Veneranda, mwenye picha ya ua la njano. Sasa akaunti ya marehemu nani anaitumia? Kompyuta ikamuuliza kama abakize mafaili ya mtumiaji huyo au ayafute. Futa. Ikamuuliza tena kama ana hakika.

Hapo ndipo utetezi wake ulipoishia, maana kidole kilichobofya mara ya pili hakikuwa kidole cha mtu anayefanya usafi. Kilikuwa na hasira.

Kwao, mtu akifa, nafasi yake haiachwi tupu. Kitanda hakivunjwi, nguo hazigawanywi, hata kiti chake hakikaliwi, mpaka ndugu wakutane na mtoto mmoja aitwe kwa jina la marehemu, aitike, afunikwe kitenge cha marehemu. Baada ya hapo ndipo watu wanapumua. Aliyechaguliwa kulirithi jina la Veneranda alikuwa Benedicta, naye akakataa. "Mimi si kabati la kuwekea marehemu," aliwaambia kwenye simu. Wiki waliyokutana alibaki Iringa kwenye mashindano ya mdahalo, akashinda, wenzake wakambeba juu juu. Huko Mbalizi watu wakala wali, wakaangaliana, wakatawanyika. Kitanda kikabaki kimetandikwa.

Kwa hiyo alipoliona lile jina kwenye kioo, lenye ua la njano, likimtazama kama shangazi anayesubiri jibu, alilifuta. Baadaye ndipo alipoitafuta rekodi ya kwaya upande wa baba yake asiione, akachungulia pipa la taka akalikuta tupu. Akasema moyoni: nitamwambia jioni.

Jioni ndiyo hii, na mama yake alikuwa anaimba. Hakumwambia.

Kesho yake ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Mzee alitoka kwenda kuwapa kuku pumba, na Benedicta akaiwasha kompyuta. Majina yalikuwa mawili. Ua la njano halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kisanduku cheusi, na ndani ya weusi ule kitu kama jicho la kuku aliyelala, la utando. Chini ya jina, maandishi madogo yalisema mtumiaji huyu yumo ndani na kazi zake zinaendelea.

Akafuta. Akazima, akawasha. Jina lilikuwepo. Akafuta tena, akachomoa na spika kabisa, na safari hii harufu ikamfikia: udongo uliochimbuliwa asubuhi, na manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Majini ni ya Tanga," alisema kwa sauti, kama mtu anayejibu hoja ya mpinzani. "Jini gani litavumilia baridi hili la Mbeya?"

"Ndiyo maana nakwambia ufunge mlango, Bene," ilijibu spika iliyochomolewa, kwa sauti ya mama yake. "Baridi inaingia."

Aliufunga. Hilo lilimtesa kuliko mengine: kwamba mkono wake ulitii kabla akili haijafika.

Tangu hapo mzee Liberatus akaanza kuisha. Sahani aliyowekewa ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, ugali umekauka juu, maharage yamefanya ngozi.

"Baba, hujala."

"Nimekula na mama yako."

"Baba, mama..."

"Sema taratibu, mwanangu. Hapendi kelele anapokula."

Mifupa ya shingo ikamtokeza. Shati la ualimu likaanza kumning'inia kama limeanikwa. Na kila jioni kiti chake kilikuwa kimesogea, kutoka katikati ya sebule mpaka kwenye meza, kutoka kwenye meza mpaka magoti yakagusa sipiyu, huku ile sauti, ambayo mwanzoni ilikuwa ikirudia tu maneno ya mazoezi ya kwaya, ikijifunza maneno mengine, moja baada ya jingine, kama mgeni anayezoea vyombo vya nyumba isiyojengwa kwa ajili yake. Liberatus, umekula? Liberatus, leo umechelewa. Liberatus, sogea. Na mzee anacheka kwa pua, anasogea.

Halafu ikaja jioni umeme ulipokatika mtaa mzima, na Benedicta, aliyekuwa amesimama kwenye korido akijikusanya ili aingie aseme, safari hii aseme kweli, alisubiri ile sauti ikatike pamoja na taa, na haikukatika, ikaendelea kunong'ona kwenye kioo kilichozimika, na kwa mwanga kidogo uliobaki dirishani akamwona baba yake ameegemeza paji la uso juu ya kioo kama mtu anayepimwa homa, macho ameyafumba, midomo inacheza, na upande wa pili wa kioo, palipotakiwa kuwa na kivuli cha uso wake mwenyewe, palikuwa na paji jingine limeegemea lake, pana, lenye unyevu, lisilo na nyusi, na lilipohisi kwamba linatazamwa halikuondoka, ila liligeuka taratibu kuelekea kwenye korido, likasubiri, kama linavyosubiri jopo la waamuzi, kusikia anachotaka kusema.

Alirudi jikoni akakaa chini, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mtu aliyemwita aje kusaidia alikuwa Esnath, dada mkubwa wa mama yake, wa Kihesa, Iringa. Huyu alikuwa mama wa kanisa mwenye kucheka sana, tena nyumba zilizoingiliwa na pepo ndiko alikoitwa, ingawa paroko wake alipendelea kutolijua hilo. Alishuka kwenye basi na kapu na blanketi, akalalamikia bei ya nyanya za Ruaha Mbuyuni tangu stendi mpaka nyumbani. Alipofika kizingitini alinyamaza katikati ya neno.

"Kamwene, shemeji," alimwamkia mzee kwa Kihehe.

Mzee aliinua mkono bila kugeuka.

Esnath akamvuta Benedicta mpaka nyuma ya banda la kuku.

"Nani alimtoa dada yangu mle?"

"Kumtoa vipi? Amekufa, mama mkubwa."

"Kufa najua, nilimvika mwenyewe. Nauliza nani alilitoa jina. Nafasi ya mtu ni kama nyumba. Ikikaa tupu, asiye na kwao anaingia anajiwashia moto."

"Hiyo hoja haina ushahidi."

"Ushahidi umekaa sebuleni unamla shemeji yangu!" Esnath alishusha sauti haraka, akatazama dirisha. "Bene. Nimekulea wewe. Ukiwa na kosa unaanza kuomba ushahidi."

Kuku walikuwa wamejikusanya kona moja, hakuna aliyedonoa.

"Ni mimi," alisema Benedicta.

Alimweleza. Mbinu, akaunti, kidole. Esnath hakumgombeza, na ingekuwa afadhali amgombeze.

"Basi utamwambia baba yako, mbele ya hicho kitu. Kikisikia mwenye nyumba ameambiwa ukweli, hakina tena wa kumdanganya. Halafu nitakuita jina, utaitika, baba yako atakufunika kitenge. Nafasi itapata mtu, na kitu hicho kitatoka kwa njia kiliyoingilia. Ila usijitetee, unasikia? Ukijitetea hata kidogo, kimekupata."

"Na baba akinichukia?"

"Mtu anayekuchukia si lazima awe na uzima? Mwache achukie. Awe hai tu."

Jua likizama, waliingia. Ugali wa moto uliwekwa mezani na sahani tatu. Esnath alitoa kapuni kitenge cha mdogo wake, cha rangi ya kahawia, akakiweka mapajani kwa mzee. Mzee akakipapasa. Kompyuta ilikuwa inawaka. Kilima cha kijani kilikuwa pale, lakini mawingu juu yake yalikuwa yameinama sana, na ile harufu ya manyoya mabichi ikawa nzito kiasi kwamba Esnath alipumulia mdomo.

Benedicta alipiga magoti pembeni ya kiti.

"Baba, mama hayumo humo," alisema, na maneno yalipoanza kutoka hakuweza kuyapanga, hoja ya kwanza haikungoja ya pili, akasema nilimfuta mimi, uliposali mimi nilikuwa nafuta, kompyuta iliniuliza nikasema ndiyo, ikaniuliza tena nikasema ndiyo, na nilijua unamsikiliza kila jioni na sikutaka kujua unamfungulia wapi, nilikuwa na hasira na jina lake kwa sababu mlitaka nilibebe na mimi nilitaka kubebwa, na ile sauti ya kwaya ilikuwa moja tu duniani na mimi ndiye niliyeimaliza, na huyu unayeongea naye, baba, huyu simjui, huyu ameingia kwa mlango nilioacha wazi.

Spika ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayelamba midomo.

Mzee Liberatus aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi Benedicta kuuona uso wake wote, na hakukuwa na mshangao usoni.

"Nilijua tangu jioni ya kwanza," alisema taratibu. "Mama yako hajawahi kuniuliza kama nimekula. Alikuwa anabandika sahani mezani, anasema kula, unafikiri nimeipikia ukuta? Huyu ananibembeleza. Mama yako na kubembeleza wapi na wapi."

"Sasa baba, kwa nini..."

"Kwa sababu ulipomaliza kumtoa, huyu alikuja. Na wewe ulipoitwa hukuja."

Benedicta alishika mguu wa kiti cha baba yake.

"Shemeji," Esnath aliingilia, "mambo ya kulaumiana baadaye. Shika kitenge. Namwita." Alisimama wima. "Veneranda!"

Benedicta alivuta pumzi aitike.

"Abee," ilijibu kompyuta.

"Si wewe, mwana laana! Bene, wahi! Veneranda!"

"Abee, dada," ilijibu, tamu, karibu zaidi, na pumzi ya Benedicta ilikwama kooni kama kipande cha kiazi kibichi, akawa anatoa macho tu, anapiga kifua, huku baba yake akiinuka kwenye kiti kwa taabu, mkono mmoja mezani, kitenge kimekunjuka mkononi, akimtazama yeye pale sakafuni kwa huruma yote aliyokuwa nayo tangu alipomfundisha kusoma, na miguu yake myembamba ikimpeleka upande mwingine, mpaka kwenye meza, mpaka kwenye kioo, ambako alikikung'uta kile kitenge na kukifunika juu ya kompyuta polepole, akirekebisha ncha kama mtu anayemfunika mkewe mabega asipate baridi.

Esnath alikuwa ameshaokota kapu. Alimvuta Benedicta mkono. "Twende. Amechagua, twende, mwanangu."

Benedicta hakutoka. Alikuwa anaitazama shingo ya baba yake, ile mifupa.

Mzee alikaa, akavuta sahani ya ugali karibu, lakini hakuigusa. Chini ya kitenge kitu kilijiweka sawa, kikanyanyua kitambaa kwa urefu usiokuwa wa kompyuta.

"Mwamkie mama yako," mzee alisema. "Ukimwamkia, tutakula."

"Bene, usithubutu!" Esnath alinong'ona kutoka mlangoni. "Ukimwamkia umempa nafasi!"

Alilijua hilo. Alijua pia kwamba ugali ulikuwa unapoa, na kwamba mwili ule hauna siku nyingi za kukaa bila chakula, na kwamba jina alilokataa kulibeba halikuwa na mwingine wa kulisemea. Koo lilifunguka lenyewe, kwa wepesi wa kutisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Liberatus alimega tonge kubwa, akachovya, akala. Akamega jingine. Benedicta alibaki amepiga magoti, machozi yanamdondoka, akimsikiliza baba yake akitafuna, na chini ya kitenge, kwa meno yaliyoonekana kuwa mengi, mwenzake akitafuna naye.