Nguzo Isiyokauka

Nguzo zote za tribini, jukwaa jipya la uwanja, zilikauka, isipokuwa moja.

Jua lilizipiga zile zingine mpaka zikapasuka, ukizigonga na kidole zinalia kama sahani tupu. Hiyo moja, ya pembeni kabisa, pale njia ya wakimbiaji inapokunja kona, ilikuwa na jasho. Mayi yalitoka ndani ya muti, yakashuka taratibu, yakatia doa saruji mpya. Yalikuwa baridi, na yalinuka kambale. Mama Ursule ndiye aliyeona kwanza, maana sufuria yake ya lituma, ndizi za kuponda, ilikaa karibu na pale, na moto wake ulikuwa unazimika bila upepo.

"Shefu," alimwambia Thierry, msimamizi wa ujenzi, "muti yako iko nakojoa."

Wafanyakazi walicheka mpaka ndizi zikawatoka mudomoni. Walipenda matusi yake kuliko chakula chake. Hakuna hata mumoja aliyewahi kusikia neno tamu kutoka kwa mama yule.

"Ni muti mubichi, Mama Ursule. Muti mubichi inatoka mayi, c'est normal."

"Na ile ingine? Ilizaliwa mikavu?"

Thierry alijaza lituma mudomoni ili asijibu.

Chuo kilikuwa kinakua. Kila mwaka wanafunzi waliongezeka kama siafu, na uwanja wao wa michezo ulikuwa majani na mashimo, mbuzi za majirani ndizo zilizojua kona zake. Sasa wakubwa walitaka njia ya kisasa ya kukimbilia, uzio, vyoo vyenye mulango, na tribini ya watu kukaa. Saruji ilifika. Mbao hazikufika, lori lilikuwa limeanguka pamoja na daraja huko barabara ya Bengamisa, na siku ya ufunguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa kwenye redio. Ndipo akajitokeza Bavon, shemeki ya Ursule, ndugu ya marehemu bwana yake, mvuvi wa maporomoko, mabega mapana na akili kidogo. Akasema miti anayo. Miti iliyokaa mayini tangu enzi za babu, mchwa hawezi kuitoboa.

Asiyejua maporomoko ya Wagenia na ajue hili. Wavuvi husimamisha nguzo kubwa katikati ya mayi makali, wakazifunga kwa kekele, kamba ile ya msitu, na kuning'iniza vikapu virefu, mudomo ukitazama mayi yanakotoka. Samaki hafukuzwi. Mayi yenyewe yanamusukuma ndani, na mayi yenyewe yanamuzuia kutoka. Sasa ikitokea nguzo imekula mutu, haitegwi tena, na haing'olewi. Inafungwa kekele mbichi kifuani, fundo likitazama mayi yanakokwenda, inaachwa mpaka siku muto utakapoiondoa wenyewe, pamoja na kile kilichoingia ndani yake. Alphonse, bwana yake Ursule, aliliwa na nguzo ya namna hiyo. Hawakumuona tena, hata kiatu.

Sébastien, fundi wa misumari, alikwenda mchana mumoja kupumzika kivulini, akaegemeza mugongo kwenye nguzo ile yenye jasho. Watu walikuwa wanakula. Walimusikia anacheka, kama mutu anayetekenywa. Kisha kicheko kikaingia mayi.

Walipofika, mukono wake ulikuwa umezama mpaka begani katikati ya nguzo na ubao, kwenye ufa usiopitisha hata kijiko. Macho yalikuwa yamemutoka. Wakamushika kiuno, wakavuta, na kile cha upande wa pili kikavuta, na bega likalia kama muhogo unaovunjwa. Sébastien alitoka. Mukono ulibaki. Wakamulaza chini juani, na kutoka kinywani mwake kukatoka mayi ya matope, mengi, na ndani yake kamba wadogo wa mutoni wakirukaruka juu ya saruji kavu. Alikuwa amekufa maji, na muto uko mbali kiasi cha kupanda pikipiki.

Thierry kesho yake akaleta Franck na mashine ya kukatia miti. Mashine ilinguruma, ikagusa gome, munyororo wake ukakatika na kurudi nyuma kama fimbo, ukamufungua Franck uso kutoka sikio mpaka mudomo, meno yakaonekana kwa pembeni. Aliishi, lakini hata leo akinywa mayi yanamutoka shavuni. Nguzo haikupata hata mukwaruzo.

Wakubwa wa chuo walipoelezwa, waliagiza ipakwe rangi. Rangi haikushika, ilishuka na jasho. Basi wakaizungushia kitambaa kikubwa kilichoandikwa KARIBUNI.

Ursule angeweza kuhamisha sufuria yake na kuwaachia balaa yao. Lakini alikuwa na mutoto mumoja tu, Emilie, na Emilie alikuwa mwanafunzi pale pale, na miguu yake ndiyo chuo kilikuwa kinaitegemea siku ya ufunguzi, timu za miji mingine zikija. Jioni moja musichana alirudi kutoka mazoezi akichechemea. Ursule akamuinua suruali. Kwenye kifundo cha muguu kulikuwa na alama za vidole, nyeusi, ndefu kuliko vidole vya mutu.

"Nani amekushika?"

"Hakuna mutu, mama. Ni ile kona. Ukifika pale, kitu inakuvuta. Kama mayi." Emilie alitazama mulango, akapunguza sauti. "Na nilimusikia papa."

"Papa gani?"

"Papa Alphonse. Sauti yake kabisa. Anasema, Emilie, ua langu, kuja karibu nikuone."

Ursule aliachia ule muguu. Alphonse aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile alimuita mutoto wake "we pale", na mke wake alimuita "unasikia?" Hakuwahi kumuita mutu ua. Hata ua lenyewe hakuliita ua.

"Ile si baba yako," alisema. "Ile ni kitu ilimukula. Inavaa sauti yake kama shati. Usikimbie tena pale."

"Mama, hii mbio ni yangu."

"Na muguu ni wa nani? Mimi ndiye niliuzaa."

Lakini Emilie alikuwa amerithi ubishi kwa mama yake, na Ursule alijua hakuna kufuli ya kumuzuia. Akajifunga nguo yake ya kikwembe, akaenda kwa Bavon. Alimukuta anakunywa, akamunyang'anya chupa.

"Nguzo ya ndugu yako iko wapi?"

Bavon alitazama chini. "Mayi ilikuwa imepunguka, yaya, dada yangu mukubwa. Ilikuwa nguzo muzuri kuliko zote. Ngumu kama chuma."

"Na kekele niliyoifunga miye mwenyewe siku ya kilio?"

"Niliikata na panga." Akaanza kulia. "Nilizani ni desturi tu ya bazee."

Ursule alimupiga kofi moja la haki, akarudisha chupa mezani, akaondoka.

Kule maporomoko, Mama Gertrude, muzee aliyejua siri za nguzo, alikuwa anakausha samaki, macho mekundu kwa moshi, na hakuacha kugeuza samaki wake wakati Ursule anaeleza.

"Kuifunga ni rahisi," alisema. "Kekele mbichi. Unaikumbatia na mikono mbili, kama bwana yako. Fundo litazame mayi inakokwenda. Lakini siku ile uliifunga imekwisha kushiba Alphonse; sasa haikubali kufungwa ikiwa na njaa. Mwenye kuikumbatia, inabaki naye."

"Yeyote?"

"Haichagui. Inashika mwenye kuishika."

"Bon. Nitaifunga miye."

"Na Emilie atapikiwa na nani?"

"Ajipikie. Ni mukubwa." Akainuka. "Unauza hii kambale ao unaichoma mpaka iwe mukaa?"

Siku ya ufunguzi Ursule alijizungushia kekele kiunoni, chini ya kikwembe kipya, maana hakutaka kufa na nguo mbaya. Alipanga kuifunga asubuhi, kabla ya mbio. Lakini askari walikuwa wamekwisha kupanga uzio mbele ya tribini. "Mama wa sufuria hapana kupita," walimwambia, "bakubwa bamekaa." Akabishana, akatukana, akasukumwa. Akamuona Thierry, akamushika shati.

"Ondoa watoto kwenye ile kona. Kama hapana, muzunguke upande mwingine."

"Mama, programme imetoka. Na Emilie nimemuweka ndani kabisa, njia ya karibu na tribini. Bakubwa bamuone vizuri."

Alimutazama huyu mwanaume mwenye kofia safi, akaona ni kama kusema na tofali.

Bunduki ya kuanzisha mbio ikalia. Wasichana wakatoka pamoja, na Emilie akawaacha kwa hatua chache tu, watu wakasimama, wakapiga kelele, simu juu, na wakati ule ule Ursule akasikia chini ya zile kelele mulio mwingine ambao alikuwa ameulalia kila usiku wa ndoa yake, mulio wa maporomoko, unakuja kutoka chini ya mbao, na harufu ya kambale ikapanda, na kitambaa cha KARIBUNI kikaanza kuvimba kama tumbo, na Emilie akafika kwenye kona, na badala ya kukunja, miguu yake ikaondoka ardhini kama imepigwa na mayi makali, akaanguka kifudifudi, akaburuzwa, kucha zake zinachora njia mpya nyekundu, mpaka chini ya tribini, mpaka kwenye nguzo, na sauti ya Alphonse ikisema kwa upole ua langu, ua langu, na mifupa ya muguu wa mutoto ikianza kulia.

Ursule alichukua sufuria ya maharage ya moto, akaimwaga kwenye miguu ya askari, akapita juu ya kilio chao.

Lakini kuna mutu alimutangulia. Bavon, aliyealikwa kama mutu wa heshima aliyeleta miti, alikuwa ameruka kutoka kiti chake na koti lake la kuazima, na alikuwa amemushika Emilie makwapani, anavuta, anatoka jasho, anapiga kelele. Alimupenda yule musichana, hilo lazima lisemwe. Muguu mumoja wa Emilie ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya muti mpaka kwenye goti, na damu na mayi vilikuwa vinachuruzika pamoja.

"Yaya Ursule! Nifanye nini? Sema, nifanye nini?"

Ursule alikuwa na kekele mukononi. Alikuwa ametoka nyumbani akiwa amejiaga. Alikuwa na hatua moja tu ya kukamilisha. Akamutazama mutoto wake, anayepiga kelele bila sauti. Akamutazama Bavon na mabega yake.

Akamupatia kekele.

"Nitamushika miye Emilie. We kumbatia nguzo, uifunge. Fundo litazame huku, chini."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Bavon alikuwa mvuvi muzuri. Alikumbatia nguzo, mikono yake ikakutana kwa nyuma, na fundo likapatikana mara moja, gumu, namna baba yake alivyomufundisha. Emilie akaachiwa, akaangukia mikononi mwa mama yake na muguu uliochunika kama samaki. Bavon akageuza uso kwa furaha.

"Imekubali, yaya!"

Kisha akajaribu kuitoa mikono.

Nguzo ilimubana kifuani. Mbavu zilikatika moja baada ya nyingine, na kila iliyokatika aliita jina la Ursule, si kwa kuomba, kwa kushangaa. Uso wake uligusana na muti, ukaendelea kuingia. Mayi yakamutoka masikioni. Viatu vyake vipya vilipiga saruji, vikapiga, vikaacha. Kilichobaki nje ni koti, limebanwa chini ya kekele, na mikono miwili ikiwa imeshikana kwa nyuma. Ilibidi waikate pale viganjani ili wapate kitu cha kuzika.

Kesho yake nguzo ilikuwa kavu.

Chuo kilisema ubao ulivunjika. Ursule alipika kwenye kilio, akala, akatukana waliokuja kula bila kulia. Emilie alilala hospitali, muguu ukaungwa vibaya, halafu ukaungwa vizuri. Sufuria ilirudi mahali pake na moto haukuzimika tena. Na kila asubuhi, kabla ya wanafunzi, Ursule alipita kwenye nguzo kutazama fundo. Mutoni kekele haikauki; hapa ilikuwa kijani. Ikawa njano. Ikaanza kuwa kahawia.

Mvua za kwanza zilipofika, Emilie alivaa tena viatu vya kukimbilia. Alichechemea kwanza, kisha hakuchechemea. Ursule alikuwa anamutazama anazunguka uwanja peke yake, anakaribia kona, wakati aliposikia kitu kimedondoka kwenye moto wake. Tone. Makaa yakalia.

"Yaya Ursule," ilisema sauti ya Bavon ndani ya muti, taratibu, tamu, "mama muzuri wa roho yangu, kuja uone. Fundo linalegea."

Bavon hakuwahi kumuita mama muzuri.

Alisogea, akatazama. Lilikuwa limelegea kweli, kiasi cha kupitisha kidole. Hakupitisha kidole. Alifunua kikapu chake, chini ya ndizi, akatoa kekele mbichi ambayo alikuwa anaitembeza tangu siku ya kilio. Emilie alipita kwenye kona, akajikwaa kidogo, akatazama kifundo chake, akaendelea.

Ursule akageuka kuelekea kwenye benchi ambapo wanaume walikuwa wanakula. Thierry alikuwa pale, na kofia yake safi, analamba vidole.

"Shefu," alimuita. Wafanyakazi wakaacha kutafuna, maana hawakuwahi kusikia sauti ile ndani ya kinywa cha mama yule, laini namna hiyo. "Shefu, mwanangu muzuri. Kuja unisaidie kufunga kitu hapa. Ni kidogo tu."