Simu Ndani ya Kopo la Vifungo

"Fundi, umeniua!"

Gauni likatua juu ya cherehani yangu, lesi yote ikaburuzika chini kwenye vipande vya nyuzi. Mwenye gauni kasimama mlangoni, macho mekundu. Harusi Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi!

"Kuna nini, bibi harusi wangu?"

"Usiniite hivyo! Sikiliza sauti yako!"

Akanisogezea simu. Jamani... nikajisikia mwenyewe nikiongea.

"Kiuno thelathini na moja. Wiki iliyopita si ilikuwa ishirini na tisa? Shoga, harusi ikichelewa nitakushonea hema!"

Kisha kicheko. Changu na chake.

Sura yake haikuonekana. Kiuno tu, futi yangu na ile lesi. Lakini lesi ile aliichagua mama mkwe wake mtarajiwa kwa mkono wake mwenyewe. Angeacha kuitambua?

"Watu elfu kumi na moja wameshaangalia," akasema. "Siri ya tumbo hili ilikuwa yetu wanne, fundi! Mimi, mchumba wangu, wewe, na huyo mwanao aliyeniapia video ni ya kujifunzia tu!"

Akaondoka. Gauni akaliacha.

Ndugu zangu, najua mnavyopenda kutukana kwenye komenti. Nisomeni mpaka mwisho kwanza, halafu mtukane kwa raha zenu.

Mimi ni fundi wa magauni, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwenye chumba changu cha kupimia, mwanamke akishavua nguo, maneno nayo yanatoka. Mimba nyingi nimezijua kabla ya daktari, na hakuna hata moja iliyotoka mlangoni kwangu. Hicho ndicho kilichonijengea jina, kuliko hata mshono.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Tunamwita Chaji, kwa sababu hatembei bila waya wa simu shingoni. Ana ukurasa wake wa video za ushonaji, na mimi nilikuwa nauona upuuzi mtupu.

Nikaweka sheria. Siku za shule, simu inabaki dukani ndani ya kopo la vifungo mpaka jioni, na wiki ya mitihani, kama ile, haitoki humo kabisa.

"Hiyo simu itakuozesha akili!" Ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kila asubuhi.

Sasa mnaelewa nilivyomsubiri siku ile...

Akaingia na begi la shule, anatabasamu.

"Shikamoo mama."

Nikamzaba kibao hata marahaba sijaitikia!

"Mama! Nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Umemvua nguo mteja wangu mbele ya dunia nzima, unaniuliza?"

Nikalimwaga kopo la vifungo, vikatawanyika chumba kizima. Nikamrushia simu yake. Akaiwasha, akaona. Rangi ikampotea usoni.

"Mama, sio mimi."

"Ukurasa wa nani huo?"

"Wangu, lakini..."

"Lakini nini? Sikuzaa mtoto, nimezaa nyoka! Kesho unaenda kwa shangazi yako, na simu huioni tena!"

Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Alikaa chini katikati ya vifungo, akaitazama ile video mara mbili.

"Mama, hii haina muziki. Haina maandishi hata kidogo. Mimi siposti hivi."

"Hayo kamwambie mama mkwe wa watu!"

"Mama... angalia saa iliyopostiwa."

Akanipa simu. Nikaisogeza mbali na macho, nikaisogeza karibu, sioni kitu. Nikachukua miwani kwenye meza ya pasi.

Jumanne. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Jumanne saa nne, Chaji alikuwa darasani anafanya mtihani. Simu ilikuwa ndani ya kopo.

Na kopo lilikuwa na nani?

Wasomaji wangu... hapa ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Kwa sababu sheria ya simu nilimwekea mtoto, sikujiwekea mimi. Kila akienda shule nilikuwa naitoa. Mwanzo nilitaka kujua anaongea na nani tu. Nikakuta anaongea na mafundi wenzake kuhusu mishono. Sasa si ningeirudisha? Thubutu! Humo kuna mama mmoja anapanga kabati, kuna jamaa anaanguka na ngazi kila siku... Saa mbili zinakatika, gauni limelala mezani. Wiki moja kabla niliunguza bitana ya mteja kwa pasi, nikasingizia umeme.

Jumanne ile nikaikuta video ya kiuno, imehifadhiwa, haijapostiwa. Nikashtuka. Nikasema nifute kabla haijaleta balaa.

Kikatokea kibonyezo chekundu. Miwani ilikuwa kwenye meza ya pasi, nikaona uvivu kunyanyuka. Kwangu mimi chekundu ni kufuta. Nikabonyeza.

Kumbe nimeposti, na bado nikajisifu! Nikasema mama ni mama, nimemwokoa mtoto.

"Mama," Chaji akauliza taratibu, "ulikuwa unaichukua simu yangu?"

Nikainama kuokota vifungo.

"Kila siku?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo machozi yakamtoka.

"Mimi nilikuwa naiacha humo kwa sababu nilikuamini."

Kibao nilichompiga kilikuwa bado kinaonekana shavuni.

Aliifuta video mwenyewe. Kisha akatoa mfuko chini ya meza yangu ya kukatia. Ndani mlikuwa na kigauni cha mabaki ya kitambaa, mgongo wake hauna zipu. Una vitanzi na kamba, unakaza na kulegeza upendavyo.

"Nimejifunza kwenye simu," akasema. "Nilirekodi ile video nione zipu inakaza wapi. Nilitaka nikuonyeshe kwenye siku yako ya kuzaliwa."

Miaka kumi na tisa kazini, mimi nilikuwa nimepanga kumwambia bibi harusi asile.

Tukakesha na lile gauni siku ile na kesho yake, yeye kwenye vitanzi, mimi kwenye bitana. Hatukuongea zaidi ya "nipe mkasi."

Lakini kabla hatujalipeleka akanishika mkono.

"Usimwambie ni wewe. Wakijua ni fundi, nani atakuja kuvua nguo humu tena? Mimi ni mtoto, watanisamehe."

Na mimi... Mungu anisamehe... nikanyamaza.

Nilisimama pale sebuleni kwao bibi harusi nikamwangalia mwanangu anapiga magoti kuomba radhi kwa kosa langu. Bibi harusi alichukua gauni bila kumtazama. Harusi ilifungwa, gauni lilimkaa. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma na hakucheza hata wimbo mmoja.

Wiki tatu zikapita. Mtaani wakaanza kumwita mwanangu Redio. Wateja wakaja kunipa pole mimi! "Pole fundi, watoto wa siku hizi na simu zao..." Na mimi naitikia, "Nimeshapoa." Chaji yupo kwenye kona, anashona, anasikia.

Juzi mteja akaniambia, "Huyo Redio atoke nje kwanza, ndipo nivue." Chaji akasimama, akatoka. Wala hakuninung'unikia.

Pale nikashindwa.

Jana nilikwenda kwa bibi harusi, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba ruhusa niandike. Akajibu neno moja, "Andika," akafunga mlango. Sidhani kama atanifungulia tena, na simlaumu.

Basi ndugu, mzazi mwenzangu, simu ina mambo yake. Ilimfundisha mwanangu ambacho mimi nilishindwa kumfundisha, na ilinila mimi niliyejiona mkubwa. Kabla hujahesabu saa za mwanao, hesabu zako. Na mkono wako ukikosea, kosa usimvike mtoto.

Ukurasa huu ni wa Chaji. Nimemwomba niutumie, kwa mara ya kwanza nimemwomba. Amenionyesha kibonyezo chekundu, akaniuliza, "Mama, una uhakika?"

Nimenyanyuka nikafuata miwani kwanza. Sasa nabonyeza.