Mkono Ndani ya Chano

Jambo hili limemkuta mtoto wa marehemu mdogo wangu, hapahapa Fesi, Moroko, na mimi nilikuwepo. Asije mtu akasema nimesimuliwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nimekaa kizingitini namenya maharage mabichi, punda wa mitungi ya gesi wanapita, wenye punda wanapiga kelele wapishwe. Mara nikauona mwavuli mwekundu wa Tayeb unakuja juu ya vichwa vya watu. Kazi yake ni kuwatembeza wageni kwenye vichochoro vyetu. Siku hiyo alikuwa nao kama kumi, kila mmoja kashika mnanaa puani kwa ajili ya harufu ya ngozi zinazolowekwa viwandani mwetu.

Nikamwita. "Tayeb, unawapeleka wapi?"

"Kwa Lalla Batoul, mama mkubwa. Usininunie."

"Na utawaambia nini huko?"

"Yaleyale." Akacheka. "Ukiwapa msikiti wanapiga miayo. Ukiwapa mchawi wanaamka."

Maharage yalinitoka mkononi.

Lalla, yaani Bibi, Batoul hakuwa mchawi. Alikuwa mwosha maiti, wanawake wote wa mtaa huu walipita mikononi mwake. Sasa kwetu wapo washenzi wanaoamini kwamba ukiviringisha kuskusi, zile chembe za unga wa ngano tunazopika, kwa mkono wa maiti, ukamlisha mumeo, hana kauli tena ndani ya nyumba. Mwaka mmoja kaburi likakutwa limefukuliwa, mkono wa marehemu haupo. Nani aliyemwosha? Batoul. Basi ndiye mwizi. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Wakaacha hata kumsalimia. Alipokufa hakuja mwanamke mwingine hata mmoja kumwosha. Nilimwosha peke yangu, nikamgeuza peke yangu, na mgongo huu haujapona mpaka leo. Haukupita mwezi, mchimba makaburi akakamatwa na ule mkono ndani ya gunia. Nani aliomba radhi? Walifunga milango yao wakala chakula.

Na mama yake Tayeb aliyemwosha ni huyohuyo Batoul. Alimchana nywele mdogo wangu kama anampeleka harusini.

Nikarudishia mlango, nikawafuata. Nilitaka kumwaibisha mbele ya wageni wake.

Nyumba ya Batoul haina mtu, warithi wamempa Tayeb ufunguo. Pale uani, kando ya chemchemi iliyokauka zamani, kaweka chano kikubwa cha mbao kimejaa unga wa kuskusi, na juu yake mkono wa sanamu, kaupaka rangi nyekundu kwenye kifundo. Wageni wanapiga picha. Anaongea lugha yao, lakini jina la Batoul nalisikia. Kila akilitaja wanacheka.

"Tayeb," nikasema, "aliyemwosha mama yako ndiye unayemfanyia hivi?"

"Mama mkubwa, niache nile," akanong'ona. "Wafu hawali."

Akautupa ule mkono wa sanamu kando. Akakunja shati, akazamisha mkono wake mwenyewe kwenye unga, wa kulia, awaonyeshe jinsi mchawi anavyoviringisha.

Akaganda hivyohivyo, kainama.

"Utoe basi," nikamwambia.

"Hautoki."

Nikadhani anaigiza. Kisha nikamtazama midomo. Myeupe.

Ndipo nikasikia maji. Yanamiminwa taratibu. Yakakoma. Yakamiminwa tena. Yakakoma. Mara ya tatu. Na chemchemi ile pale, kavu, ina vumbi.

Mimi nimeosha maiti. Nayajua maji yale. Unaanza upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kuna mtu ananisugua vidole," Tayeb akanong'ona. "Mama mkubwa. Kimoja kimoja."

Sikumwonea huruma, Mungu anisamehe. "Waambie ukweli."

Akasema. Akasema yote, kaburi, gunia, mchimba makaburi, analia kamasi zinamtoka. Kwa Kiarabu chetu. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Maji yakaanza tena.

Safari hii yalisikika upande wake wa kushoto.

"Mimi najua," nikamwambia. "Si mimi uliyenidanganya. Waambie wao, kwa lugha yao, mbwa wewe."

Akawaambia. Sikuelewa hata neno, ila makofi yalikatika. Ajuza mmoja wa Kizungu akavua kofia, akaishika kifuani. Hapakuwa na aliyecheka. Na palepale unga ukamwachia, akaanguka kwa makalio.

Nikagusa unga. Mkavu. Lakini mkono wake ulikuwa umelowa hadi kiwikoni, maji yanadondoka kwenye vigae, na uani kote kunanuka karafumaiti.

Tangu siku ile Tayeb anawaambia wageni Batoul alikuwa nani. Wenzake hawajali. Wanapita na miavuli yao, wanasimama mlangoni kwa Batoul, wanasema uongo uleule, na sasa wameuongezea na Tayeb ndani yake. Nikiwapigia kelele wananiambia, "Bibi, nenda kapumzike." Sipumziki. Nitakaa hapa kizingitini kwangu na nitapiga kelele mpaka siku ya kuoshwa mimi.

Mkono wa kulia wa Tayeb hauna nguvu ya kushika mkasi, kwa hiyo kila Ijumaa anakuja nimkate kucha. Namkata za kushoto tu. Za kulia, huu mwaka wa sita, hazijarefuka.