Mume Wangu Alikwangua Jina Langu kwa Wembe

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1974. Asubuhi hiyo Nchelenge, mji wetu kando ya ziwa, ilijaa moshi wa nyasi zilizochomwa. Joto kali, ziwa halionekani.

Jioni, mume wangu aliingia darasani kwetu na wembe mkononi!

Wapendwa, hakuja kukata shingo. Alivuta orodha ya mtihani mezani kwa mwalimu Zacharia, akakwangua "Agness Chisenga" mpaka karatasi ikatoboka...

"Andika Madamu Nkulu!"

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Miaka miwili nilikuwa nauza samaki mchana, nasoma jioni, na kabla ya kila somo napiga magoti kuomba. Orodha ilikuwa inaondoka kesho yake kwenda bomani, ofisi ya wilaya. Jina lisipolingana na chitupa chako, ile kadi ya serikali, hufanyi mtihani. Basi!

"Baba Nkulu," mwalimu akasema kwa upole, "huku kwetu mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake. Akizaa, tunamwita mama wa fulani. Yatosha."

"Hiyo ni mambo ya washenzi! Mutu wa akili, bibi yake anabeba jina yake. Mi ndiye nilimutoa kwa matope!"

Matope! Mtu aliyevuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Zaire, na shati moja, akalala nyumba ya marehemu baba yangu, akala mihogo ya mama yangu. Hata nyavu anazojivunia ni za kaka zangu.

"Agness, nionyeshe chitupa chako," mwalimu akasema. "Hicho ndicho nitanakili."

Nikafungua kitambaa. Kadi zetu mbili tulizifunga pamoja siku zote.

Mume wangu akaruka kuninyang'anya!

Kwa nini aruke?

"Acha ile yangu! Unajua kusoma nini, weye?"

Nikamgeuzia mgongo. Nikaishika kadi yake kwa mikono miwili, nikasoma kwa sauti.

"Hi-ppo-ly-te... Chi-se-nga."

Nikashuka mstari wa pili.

Kijiji? Cha baba yangu!

Kumbe alipokwenda kuomba kadi, alijiandikisha kuwa mtoto wa baba yangu. Marehemu angemkatalia vipi?

"Shemeji," mwanafunzi mwenzangu Olipa akauliza kutoka nyuma, "kumbe umeoa dada yako?"

Walicheka mpaka benchi likapinduka.

"Agness... pole pole," akanong'ona yule simba wa dakika mbili zilizopita. "Wakisikia bomani, watanirudisha Zaire."

Nilimwomba Mungu anipe huruma. Alinipa kidogo tu.

Dada zangu, mwanaume akidharau jina lako, muulize lake amelitoa wapi. Na someni! Kadi ile ilikaa nyumbani mwangu miaka sita, nami naibeba tu kitambaani bila kuisoma.

Mwalimu alikuwa ameshaandika upya, kwa wino: Agness Chisenga.

"Sitakushitaki," nikamwambia mume wangu. "Utajishitaki mwenyewe. Simama, uwaambie hawa wote, kwa jina ulilozaliwa nalo."

Akavua kofia. Watu kumi na mmoja walimtazama.

"Mi, Hippolyte Nkulu wa Pweto... naapa mbele ya Mungu na ninyi wote. Sitagusa tena jina ya bibi yangu. Na kesho asubuhi, mi mwenyewe, nitaenda bomani kurudisha jina ya baba yake."