Mafuta Kwenye Kituo cha Tano

Glory Rwegasira alianguka saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mbele ya watu wapatao thelathini, na chuma alichokuwa ameking'ang'ania kikamfuata chini kikampiga mkono wa kushoto. Mfupa ulilia mpaka watu wa viti vya nyuma wakasikia. Aliyekimbia kumsaidia alikiokota kile chuma akitupe pembeni, kikamponyoka. Akakiokota tena, kikamponyoka tena. Ndipo alipotazama viganja vyake, akaviona vinang'aa mafuta.

Kufikia saa nne utepe wa njano wa polisi ulikuwa umezungushwa, na ndani yake amesimama Inspekta Azizi Shee, mikono mfukoni. Kwa Wamarekani cheo chake kina jina jingine, lakini Waswahili wa Houston, kuanzia Alief mpaka Katy, humwita Inspekta, naye alishachoka kuwasahihisha. Mtu wa Mombasa huyo, mwenye kitambi cha heshima na magoti yasiyopenda ngazi. Michezo aliyoijua yeye ni karata na bao. Alipoambiwa kwenye simu kwamba ni fainali ya ligi ya ninja, alidhani anafanyiwa mzaha.

Mzaha haukuwepo. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama ghala la pamba, na kutoka mwisho mmoja hadi mwingine vimepangwa vizuizi kumi, ambavyo wenyewe huviita vituo: pete zinazoning'inia, magogo yanayozunguka, ukuta uliopinda kwenda juu kuliko nyumba ya ghorofa. Hakuna kupigana wala vinyago. Mchezaji anavipita vyote kwa mikono na miguu yake, saa inahesabu, na akigusa chini basi, kwaheri. Azizi aliinua uso kuutazama ule ukuta mpaka shingo ikamuuma. Wallahi binadamu ni kitu kingine, akajisemea.

Mkuu wa ligi, Severin, Mkongomani aliyekuja na timu ya Dallas, alikuwa akitembea huku na huku amekunja mikono ya shati. Alimweleza Inspekta kwamba wachezaji kumi wa fainali walipewa nafasi ya kujaribu njia mara moja moja asubuhi, na kura ilimwangukia Glory awe wa kwanza. Fainali yenyewe saa nane mchana. Na mshukiwa anaye tayari.

"Bon, Inspekta. Kamera ya mlango iko wazi. Mbele ya saa moja aliingia mtu mmoja tu. Nawal, wa Dallas. Mpinzani wa Glory. Kama hadi saa saba hunipatii jina lingine, ninamtoa, na ninaandika sababu. Atakuwa amefungiwa maisha."

Azizi alikuwa ameinama juu ya kile chuma, ananusa. Watu wa maabara wangehitaji siku tatu kusema mafuta yale ni ya nini, ila pua ya mtoto wa Mombasa haihitaji siku tatu. Ubani. Mafuta ya zeituni yaliyotiwa ubani, na kitu kingine kichungu kidogo ndani yake. Moyo ukamshuka, kwa sababu ubani anaujua unakotoka: nyumbani kwao, na nyumbani kwa watu kama Nawal.

Nawal alikuwa amekaa peke yake kwenye kona, buibui amelikunja mapajani, mtandio wa michezo kichwani. Binti wa miaka ishirini na mbili, wazazi wake Wazanzibari wa mtaa wa Vickery Meadow kule Dallas, yeye mwenyewe muuguzi msaidizi wa zamu. Alimwamkia shikamoo kwa sauti iliyokauka. Azizi alipokaa karibu, harufu ikamfikia wazi. Ubani.

"Mtandio umefukizwa?"

"Mama hunifukizia nguo zote nikisafiri, ami."

"Uliingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Nimeendesha kutoka Dallas tangu saa nane usiku."

"Ukafanya nini?"

"Nikasali alfajiri pale nyuma ya viti. Kisha nikalala."

"Ulikigusa kile chuma?"

"Hapana." Kisha akasema, "Ami, wakiniandika mwizi wa ushindi, baba yangu hatainua tena uso msikitini. Mimi kutolewa nitavumilia. Hilo sitaliweza."

Azizi alimtazama mikono. Viganja vilikuwa na sugu ngumu za manjano, na juu ya sugu vidonda vilivyopona na vingine ambavyo bado. Hakuwahi kuona mikono ya namna ile kwa mwanamke wala kwa mwanamume. Akamwomba amwonyeshe kituo cha tano, kile alichoangukia Glory, kinavyopitwa.

Kituo cha tano ni nguzo mbili zilizosimama, na kila nguzo ina vipandio saba vya kuegemezea. Chuma kinalala mlalo juu ya vipandio vya chini, kimezikutanisha nguzo. Mchezaji anakirukia, ananing'inia, kisha anaurusha mwili wake wote juu pamoja na kile chuma mpaka kitue kwenye kipandio kinachofuata. Hana pa kukanyaga. Walileta chuma kingine kikavu, nguzo zikafutwa baada ya kupigwa picha, Nawal akapaka chaki viganjani.

Aliruka. Chuma kikalia kwa! kwenye kipandio cha pili, kwa! kwenye cha tatu, na mwili wa yule binti ukapanda nacho kana kwamba uzito ni jambo wanalosumbuka nalo watu wengine. Azizi aligundua kwamba amefungua kinywa, na kwamba ametamka subhanallah kwa sauti ya kusikika. Alisimama pale mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, machozi yanamlengalenga, kwa sababu tu ya mtu kupanda chuma.

Nawal aliposhuka, Azizi alimuuliza mikono inashika wapi. Akamwonyesha: mahali pawili tu, upana wa mabega. Kwingine hakuna anayeshika.

Hapo ndipo kesi ilipoanza kumkataa mshukiwa wake. Picha za ushahidi zilionyesha mafuta yametapakaa chuma chote, ncha hadi ncha. Tena nguzo mbili nazo zilipakwa, kulia na kushoto, kutoka kifuani kwenda chini, mahali ambapo mkono wa mchezaji haufiki hata kwa bahati mbaya. Mtu anayeujua mchezo huu angepaka mafuta mahali pale pawili tu akaenda zake. Aliyefanya hivi hajui chuma kile kinafanya kazi gani. Na Nawal anajua kuliko wote.

"Severin," akaita, "sakafu hii nani kaipiga deki leo?"

Severin akamshangaa. Wafagiaji wanaingia kwa mlango wa nyuma na ufunguo wao, saa kumi na moja. Hao hakuwahesabu. Nani anahesabu mfagiaji?

Azizi alikwenda kwanza chumba cha huduma ya kwanza. Glory, binti wa miaka ishirini, alikuwa amelala mkono umefungwa vibao, amekataa katakata kupelekwa hospitali kabla fainali haijaisha. Kando yake amekaa mama yake, Pelagia, Mtanzania wa Alief, mwanamke mfupi mwenye aproni ya buluu ya kampuni ya usafi. Inspekta aliitazama ile aproni, kisha akamgeukia binti.

"Pole sana. Uliona kitu chochote kabla ya kushika chuma?"

"Sikuona kitu," Glory akasema. "Wala sikunusa kitu."

Habari ya kunusa hakuwa ameiulizia mtu. Azizi aliitikia kwa kichwa, akawatakia afya, akatoka.

Stoo ya wafagiaji iko mwisho wa ukumbi. Alisimama mbele ya mlango wake, akakumbuka jirani yake wa zamani kule Alief, mlokole mwema, na fundi rangi aliyelalamika wiki nzima kwamba fremu za mlango wa yule jirani hazishiki rangi. Akapitisha kidole kwenye mwimo wa kulia. Mafuta. Wa kushoto, mafuta. Akajinyoosha, magoti yakalalamika, akagusa kizingiti cha juu. Mafuta, na harufu ileile ya ubani na uchungu wake. Alipogeuka, Pelagia alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama Glory, mlango huu umepakwa nini?"

"Mafuta ya upako, Afande."

"Nani kaupaka?"

"Mimi. Kila mahali ninapofanya kazi napaka mlango. Kanisani kwetu ndivyo tunavyofanya, nyumba mpya, ofisi mpya. Miimo miwili na kizingiti."

"Na kituo cha tano?"

Pelagia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaibana mikono katikati ya magoti.

"Nilidhani ni mlango," akasema. "Kila mwaka mwanangu anarudi nyumbani ananiambia, Mama, kituo cha tano ndicho kilichonitoa. Mwaka juzi cha tano, mwaka jana cha tano. Nikasema, basi pale ndipo adui alipokaa. Leo alfajiri nikaenda na ngazi yangu. Nikaona miimo miwili, na chuma kimelala juu yake. Nikajua watoto wanapita chini. Nikapaka, nikaomba, nikamalizia chupa nzima."

"Hukuwahi kuona wanavyokishika?"

"Sijawahi kumwona mwanangu akicheza hata siku moja. Siwezi, Afande. Naogopa. Nafagia ukumbi ukiwa mtupu, naondoka."

"Ukajua lini?"

"Niliposikia watu wanasema mafuta."

"Na binti wa watu akaitwa mhalifu, ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Kanuni yao naijua. Ndugu wa mchezaji akichezea kituo, mchezaji anafungiwa miaka miwili. Mkono nilikwisha kumvunja. Sikutaka nimvunje na moyo. Na zaidi ya yote sikutaka ajue kwamba aliyemwangusha ni maombi yangu mimi mama yake."

Azizi alimweleza kwamba ripoti yake itasema ajali, kwa kuwa nia mbaya haikuwepo. Lakini ligi ni jambo jingine, na saa sita imeshapita, na Nawal naye ana mama.

Pelagia akajifuta uso kwa aproni. "Twende. Ila Glory nitamwambia mwenyewe."

Walikwenda wanne: Pelagia, Azizi, Severin, na Nawal, ambaye Inspekta alitaka asikie kwa masikio yake. Pelagia akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua mdomo. Hakufika mbali.

"Najua, Mama," Glory akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza. "Nilinusa nilipokishika tu. Ni harufu ya mito yetu ya kulalia nyumbani."

Severin akakunja uso. "Ulinusa ukiwa chini? Kabla ya kupanda? Kwa nini hukuachia?"

"Ningeachia, mwamuzi angekuja kukigusa. Mama angejulikana. Nikasema nitakipandisha mpaka juu kabisa, nikifute kule kwa fulana yangu. Basi, hakuna atakayejua, na wenzangu hawataanguka. Samahani, Nawal. Walipokutaja wewe niliogopa kusema. Hilo ni kosa langu, si la Mama."

Severin alitoa simu, akaitazama upya video ya asubuhi ile, mara mbili, bila sauti. Alipoinua macho sura yake ilikuwa nyingine.

"Vipandio vinne," akasema polepole. "Mwaka jana, kwa chuma kikavu, uliishia cha tatu."

Nawal alivitazama viganja vyake. "Mimi kwa mafuta yale hata kimoja nisingepanda," akasema. Akaenda akambusu Glory kwenye paji la uso, kisha akasimama pembeni.

Severin aliandika alichopaswa kuandika. Nawal atacheza saa nane, jina lake safi. Glory Rwegasira, miaka miwili nje. Akatia sahihi, na hakuna aliyemlaumu, hata Glory.

Ukumbi ulikuwa umeanza kujaa Azizi alipotoka. Pelagia alimfuata, akampita, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye utepe wa njano, akasimama mbele ya zile nguzo mbili. Safari hii hakuinamisha macho.

"Kipandio cha nne ni kipi, Afande?"

Azizi akamwonyesha kwa kidole. Mama wa watu akainua uso, akaendelea kuuinua, mpaka kitambaa kikamteleza kichwani kikaanguka sakafuni, naye hakukiokota.

"Juu hivyo?" akauliza.

"Juu hivyo," akasema Inspekta.