Makubazi ya Siwema

Twalib alikuwa fundi viatu mjini Bunda, enzi za Mwingereza. Alishona makubazi ya ngozi, na alipenda kusema kwamba miguu ya Bunda yote anaijua yeye. Miguu ya mkewe, kumbe, hakuijua.

Siwema, mkewe, alikuwa na mimba ya kwanza. Ilipofika mwezi wa nane, miguu yake ilivimba na makubazi yakambana.

"Lete niyalegeze," Twalib alisema.

Akayalegeza. Siku chache baadaye yakambana tena. Mwishowe akakata soli mpya, pana kama sahani, akamshonea mengine.

Mama yake Twalib, Bi Mwanaupe, alifurahi. "Miguu ikijaa hivyo ni mapacha. Tutafute majina mawili."

Basi nyumba nzima ikawa inaushangilia ugonjwa. Siwema aliyavaa makubazi mapya, akaendelea na kazi zake.

Asubuhi moja Skolastika, mkunga wa zahanati, alileta kiatu chake kishonwe. Aliona yale makubazi mapana.

"Fundi, haya ni ya mwanamume gani?"

"Ya mke wangu," Twalib alicheka. "Ana mapacha."

Skolastika hakucheka. "Nani kakwambia mapacha wanakaaga miguuni? Niitie huyo mama."

Siwema alitoka polepole. Uso ulikuwa umejaa, na pete ilimbana kidoleni. Skolastika akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu jana, mama. Hakiachi."

"Na macho?"

Siwema aliinamisha kichwa. "Naona ukungu. Leo nimemimina chai nje ya kikombe."

Twalib akaweka kisu chini. "Mbona hukuniambia?"

"Mlikuwa mmefurahi sana."

Bi Mwanaupe aliingilia kati. "Mimi nimezaa saba, na miguu ilivimba."

"Bibi, ilikuwaga inapungua ukilala?" Skolastika aliuliza.

"Ilipungua."

"Yako ilikuwa ya kawaida. Miguu ikivimba kidogo jioni na ikapungua asubuhi, mama apumzike, na aje zahanati nimpime. Lakini uso na mikono vikivimba, hiyo ni hatari. Kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu, au tumbo likiuma sana upande wa juu, ni hatari vilevile. Dalili moja tu inatosha. Damu inasukuma mishipa kwa nguvu mno. Mama anaweza kushikwa na kifafa, afe yeye na mtoto."

Twalib alisimama. "Tungoje basi la jioni?"

"Ngojangoja huumiza matumbo, fundi. Lori la pamba linaondoka sasa hivi kwenda Musoma. Siwema atakaa mbele, na mimi nakwenda naye."

Twalib alipanda nyuma, juu ya pamba. Duka aliliacha wazi.

Hospitalini Musoma walimpima Siwema damu na mkojo, wakampa dawa, wakamlaza. Kesho yake alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Daktari alimwambia Twalib kwamba wangechelewa, pengine angewakosa wote wawili. Twalib alilia mbele ya watu na hakuona haya. Bi Mwanaupe alipofika aliuliza mara mbili kama kweli hakuna mwingine. Wakamwita mtoto Kudura.

Uvimbe ulipungua, na Siwema akarudia makubazi yake ya zamani. Yale mapana Twalib aliyatundika dukani. Wateja wakimtania, aliwasimulia habari yake yote.

Siku moja mkulima mmoja, Burito, alileta viatu vya mkewe.

"Nilegezee, fundi. Ana mimba, na miguu imejaa."

Twalib alivipokea, lakini hakuchukua kisu. "Kichwa kinamuuma?"

"Sijamuuliza."

"Kamuulize, na umuulize macho pia. Halafu umpeleke kwa Skolastika leo hii, hata akisema haumwi."

"Na viatu?"

Twalib aliviweka chini ya meza. "Viatu utavipata ukirudi naye."