Jeki ya Marehemu

Jumamosi moja ya Oktoba 1979, saa kumi na moja jioni, mimi na kaka yangu Ndeti, fundi wa magari, tulikwenda soko la Gikomba kutafuta jeki. Ya kwake ilikuwa imeharibika mchana, na uani kwetu Huruma palikuwa na gari, Pijo 404 ya mzee Gichuru, iliyopaswa kumpeleka binti yake kanisani kuolewa kesho yake asubuhi. Giaboksi ilikuwa imefungwa nusu.

Naandika kwa sababu watoto wa Ndeti wanaisimulia hadithi hii vibaya. Wanasema jeki zilikuwa mbili. Zilikuwa tatu.

Aliyekuwa hajafunga ni mama mmoja tu, Nakhumicha, mjane wa fundi. Jeki zake zilikuwa juu ya gunia. Ile ya mafuta, Ndeti aliilalia kwa uzito wake wote, akahesabu hadi ishirini. Ikashuka unene wa kidole.

"Hii inavuja, mama."

Ya pili, ya kuzungusha, ilikuwa imepinda. Ya tatu ilikuwa nguzo ya chuma yenye meno, na kitako kipana kisichoweza kuzama katika udongo wetu. Meno yalikuwa makali, kama hayajawahi kubeba kitu.

Lakini ilinuka. Si mafuta, si kutu... Ilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

"Hiyo ni ya marehemu," Nakhumicha alisema. "Siuzi."

"Basi niazime. Jumatatu nairudisha."

Aliinama akaishika ile jeki. Kisha akanong'ona, "Ukiwa chini ya gari, ukisikia jina lako, usiitike."

Ndeti akacheka. "Mama, mimi ni Mkamba. Uchawi hutoka kwetu, hauletwi kwetu!"

Yeye hakucheka. Aliifunga jeki kwa gunia, akatukabidhi.

Hapa ndipo kosa letu lilipo. Uani kwetu, tangu jirani yetu Munyoki alaliwe na lori bila mtu kujua kwa saa nzima, hakuna aliyeingia chini ya gari peke yake. Mmoja alikaa juu, na kila baada ya muda alimwita aliye chini. Naye alijibu, "Nipo!" Ndiyo iliyokuwa salama yetu. Kuacha kuitana kwa sababu ya maneno ya mama wa Gikomba? Hatukulifikiria hata kidogo.

Jua lilipozama, gari lilikuwa juu. Mawe ya kuliegemeza yalikuwa kando yangu.

"Weka mawe kwanza," nilisema.

"Boliti mbili tu, Nzilani. Wacha kuwa mwalimu." Akaingia.

Nilikaa kwenye kigoda.

"Ndeti!"

"Nipo!"

Spana ikalia. Harufu ya udongo ikapanda, ikanijaa kooni.

"Ndeti!"

"Nipo!"

*Tak.*

Jeki ilishuka jino moja. Nikaganda. Si kwa sababu ya jino.

Safari hii mimi sikuwa nimeita.

Sauti ilikuwa yangu. Ukali wangu, kikohozi changu cha wiki ile. Lakini ilitoka upande wa pili wa gari, chini, usawa wa ardhi.

"Ndeti!" ikaita tena.

"Nipo, bwana! Mbona unanisumbua?"

*Tak.*

"Usiitike!" nilipiga kelele. "Toka, si mimi!"

"Siwezi... Shati limeshikwa." Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nzilani, gari linashuka."

Nilisikia ile sauti ikivuta pumzi. Nilijua itaita, na kwamba kaka yangu, aliyezoea kuitika miaka mitano, ataitika kabla ya kufikiri.

"Ndeti!"

"Nipo!" nilijibu mimi.

Nilitega sikio.

Jino halikushuka.

"Nipo hapa!" nilisema, huku nikisukuma jiwe la kwanza chini ya gari kwa mguu. "Nzilani, mtoto wa Nthenya. Unataka mtu? Niite mimi!" Jiwe la pili. "Ita! Umekosa sauti?"

Kitu kilinipulizia shingoni, baridi. Sikugeuka. Nilisukuma jiwe la tatu, nikamshika kaka yangu miguu, nikavuta. Shati likachanika. Alipotoka kichwa, meno yote yaliachia kwa pamoja, na gari likakaa juu ya mawe.

Boliti za mwisho alizifunga asubuhi, gari likiwa juu ya mawe, mimi nikimgusa mguu badala ya kumwita. Bibi harusi alifika kanisani.

Jumatatu niliirudisha jeki, peke yangu. Nakhumicha alinitazama usoni kabla ya kuitazama jeki.

"Nani aliitika?"

"Mimi."

Akaketi. "Siku aliyokufa mume wangu, mimi nilikuwa Bungoma. Majirani waliapa walinisikia nikimwita." Akafuta macho. "Sijui ni nini, mwanangu. Niliwapa kwa kuwa nilichoka kulala nayo. Nisamehe. Sasa inalijua jina lako."

"Ilijue."

Nilipogeuka kuondoka nilimwona kijana mwenye ovaroli akisimama penye gunia. Aliilalia ile ya mafuta. Ikashuka. Akainyooshea mkono ile ya tatu.

Nilirudi, nikaitwaa mbele yake.

"Imeshachukuliwa," nilimwambia.

Iko chini ya kitanda changu. Jioni nyingine huniita, kwa sauti ya Ndeti au ya mama yetu marehemu. Naitika kila mara, tena kwa nguvu, ili isichoke nami ikatafuta mtu mwingine.